Mbuzi akinyonywa damu na minyoo: kagua kope kabla hujakimbilia dawa

Wengi tunasubiri mbuzi aharishe ndo tuseme ana minyoo, ila yule mnyonya damu, Haemonchus contortus, mara nyingi hamharishi mbuzi, mbuzi anakonda tu, anabaki nyuma ya wenzake, anavimba chini ya taya, asubuhi unamkuta amelala moja kwa moja. Chakula chake ni damu. Mnyoo mmoja anampotezea mbuzi kama mililita 0.05 za damu kwa siku, unaona ndogo eeh, sasa wakiwa 1,000 ni mililita 50 kila siku, na mbuzi wa kilo 20 damu yake yote haifiki lita mbili.

Siku mkichinja pasua polepole tumbo la nne, yaani la mwisho kati ya vyumba vinne vya tumbo la mbuzi. Utawaona minyoo kama nyuzi za sentimita 1 hadi 3, jike ana mistari imejisokota, mwekundu ni utumbo uliojaa damu ya mbuzi wako, mweupe ni mayai, na anataga maelfu kwa siku, nguvu yote hiyo anaitoa kwako.

Kwa mbuzi aliye hai angalia jicho. Mtoe nje kwenye mwanga, bonyeza kidogo kope la juu, vuta la chini, soma rangi ya ndani haraka. Kuna kadi ya FAMACHA, ilitoka Afrika Kusini, ina rangi 1 hadi 5. Nyekundu muache. 4 na 5, yaani iliyopauka au nyeupe, mpe dawa leo leo. 3 mpe kama ni mtoto, ana mimba au amedhoofu. Usinyweshe zizi zima kila mwezi jamani, ndo mnazalisha minyoo sugu hivyo, na dozi pima kwa uzito, muulize daktari wa mifugo maana dozi ya kondoo mara nyingi haimtoshi mbuzi.

Halafu mbane mnyoo huko nje malishoni. Lava, yaani mtoto wa mnyoo, aliye tayari kuambukiza hawezi kula kabisa, anaishi kwa akiba ya mafuta mwilini mwake, jua kali linaimaliza haraka anakufa. Kwa hiyo pumzisha malisho mwezi mmoja hadi miwili, toa mbuzi umande ukishakauka kwasababu lava anapanda jani kwa unyevu, na usiache mbuzi wakwangue nyasi mpaka chini, huko ndo lava wamejaa. Majani ya vichaka yafunge juu juu bandani, mbuzi mwenyewe anayapenda kuliko nyasi. Mvua zikianza rudia kope kila wiki mbili.