Kabla basi la wakimbizi halijafika

Tangazo la "leteni chochote" ndilo huharibu mapokezi. Siku mbili hazipiti, ukumbi umejaa makoti na viatu visivyo na wenzake, na pedi hakuna. Kwanza mpigieni msimamizi wa kituo: wanakuja wangapi, wangapi ni wanawake na watoto wachanga, wanasema lugha gani? Ndipo mtangaze, kwa idadi, saizi na siku ya mwisho ya kupokea.

Sabuni huisha mapema. Viwango vya Sphere vya misaada ya dharura hukadiria gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Watu 60 watahitaji kilo 27. Chupi ziwe mpya. Nguo nyingine zifuliwe, zipangwe mezani kwa saizi, kila mtu ajichagulie. Mifuko iliyokwisha kufungwa inafaa kwa vifaa vya usafi tu. Ya nguo huishia jalalani, kwa kuwa haimtoshi mtu.

Maziwa ya unga ya watoto msikusanye kabisa. Yakikorogwa kwa maji machafu huleta kuhara, na mama anayenyonyesha akipewa kopo, mtoto hunyonya kidogo na maziwa ya mama hupungua. Mwachieni mhudumu wa afya aamue.

Mkalimani ndiye mgumu kupata, na hapo ndipo wengi hukosea. Asiwe mtoto wa familia hiyo: atalazimika kutamka mateso ya mama yake mwenyewe. Msichukue tu mtu yeyote wa nchi moja nao, maana huenda anatoka upande waliokuwa wakiukimbia. Watanyamaza, nanyi mtadhani hawana shida. Waulizeni faraghani kama wanamkubali.

Sura zao msipige picha. Walioacha ndugu nyumbani wanaweza kuwaponza kwa picha moja tu, na "ndiyo" ya mtu aliye kwenye foleni ya blanketi si ridhaa. Pigeni picha za meza, mabango, mikono.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi anakohatarishwa. Zaidi ya hapo, mpelekeni kwa mwanasheria. Msimfundishe la kusema: maelezo yakigongana kati ya mahojiano mawili, ombi lake la hifadhi linaweza kukataliwa.

Zamu za wanaojitolea ziwe za muda wa saa nne, watu wawili wawili. Wiki ya kwanza mtakuwa wengi kupita kiasi. Walioandikwa wa ziada wahamishieni wiki ya sita, mtakapokuwa wachache, siku hiyo hiyo wanapojiandikisha, kabla hawajarudi makwao.