Taka za shule: mwageni pipa kwanza, ndipo mpange

Nafundisha shule ya msingi hapa Ujiji na ndiye ninayesimamia mazingira. Walimu wenzangu wa shule za jirani wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia wasinunue pipa lolote kwanza. Tandikeni turubai, mwageni taka za siku moja, muwape darasa la sita vijiti wazitenge mafungu. Mtaona wenyewe: fungu kubwa ni majani ya mwembe, vumbi la kufagia, maganda ya ndizi na mihogo. Plastiki inaonekana nyingi kwa sababu inapeperuka, lakini kinachojaza shimo ni kile kinachooza.

Kwa hiyo vyombo viwili vinatosha, cha vinavyooza na cha visivyooza. Sisi tunatumia madumu ya mawese ya lita 20 yaliyopasuka. Unakata juu, unasugua kwa majivu na maji ya moto mafuta yaishe. Yawekwe pale watoto wanapokunywa uji. Mkiyaficha nyuma ya choo, mtoto hatayafuata huko.

Mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza, ndiyo kazi yenyewe, ipeni muda. Chagueni kivuli, mbali na kisima. Lundo liwe na upana wa mita moja na kimo kama hicho, maana likiwa dogo halipati joto. Chini tandazeni mabua ili hewa ipite, kisha majani makavu, maganda mabichi, samadi ya mbuzi na udongo kidogo, halafu mrudie. Majivu ni ya kunyunyiza tu. Kila tabaka lirashiwe maji. Vichwa vya dagaa na mifupa msiweke, vitaita panya na mbwa.

Chomekeni kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku chache kichomoeni, watoto wakishike. Kikiwa cha moto, mboji inafanya kazi. Kikiwa kikavu na baridi, ongezeni maji. Kikinuka vibaya, lundo limelowa mno, basi geuzeni na kuchanganya majani makavu. Nimeona watoto wasiopenda kufagia wakigombania zamu ya kijiti. Geuzeni kila baada ya wiki mbili au tatu. Kiangazi, Juni hadi Septemba, mwagieni maji ya kunawia mikono, na mvua zikianza funikeni kwa majani ya mgomba. Kwa miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi, haina harufu, na inaingia kwenye tuta la mchicha.

Kupunguza taka ni kazi ya maneno zaidi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vinailoni vya ubuyu na barafu tuliendelea kuviokota uwanjani. Nilimfuata nyumbani jioni mama anayeuza getini, maana kumsema mbele ya watoto si adabu. Baada ya shikamoo nikamweleza. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, nikiacha nailoni nitawapimia kwenye nini?" Nikamwambia, kwenye kikombe cha mtoto, kilekile cha uji. Ubuyu sasa anapima kwa kijiko, barafu ameigeuza juisi ya kupima, na hela ya nailoni inabaki mfukoni mwake.

Chupa za maji zikaushwe, zikandamizwe, zikusanywe hadi gunia lijae, kisha muwauzie wanaonunua kwa kilo. Pesa yake ni ndogo. Kubalianeni mapema itanunua nini, kwetu ni sabuni ya kunawia, na muandike ubaoni kilichopatikana. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja zishoneni ziwe daftari la rafu. Maboksi yachaneni yaingie kwenye mboji.

Naomba sana msichome plastiki. Moshi wake una sumu, na madarasa yetu mengi hayana vioo, kwa hiyo unaingia moja kwa moja kwa watoto waliokaa wanasoma. Kisichouzika na kisichooza, kama mirija ya kalamu, kikae kwenye shimo lake, na mtashangaa linavyochelewa kujaa.

Betri za tochi ziwe na dumu lake lenye mfuniko, ndani ya stoo. Zisiingie kwenye mboji wala motoni. Na muwakataze watoto kuzipasua kwa ajili ya ule unga mweusi wa kupaka ubao: una madini ya manganizi, na vumbi lake si la kuvutwa na mtoto.