Kabla Hujaleta Mbegu ya Sato Kando ya Mto Wami

Masika iliyopita nilipita kwa mfugaji mmoja upande wa Kilosa, bwawa lake liko hatua chache tu kutoka mto Mkondoa, unaoingia Wami. Maji yalikuwa yamepanda usiku, tuta likakatika, na kulipokucha akakuta tope tupu. Nilipompa pole alinijibu kwa utulivu: "Hasara ni yangu, mtaalamu. Huko mtoni hawataharibu kitu, mbegu yenyewe ilikuwa madume matupu."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na ukweli ni kwamba hata sisi maofisa ugani tumewahi kuyasema.

Vifaranga wa sato wanaouzwa kwa jina la "dume tupu" wamelishwa chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne tangu waanze kula, ili hata waliokuwa wawe majike wageuke madume. Bwawani hilo ni jambo jema, kwa sababu hawazaani ovyo na chakula chote kinaishia kwenye nyama. Lakini dume wa sato akifika mtoni hakai kumngoja jike wa sato. Anachimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, anawafukuza wenzake, na jike wa perege wa mtoni, ndugu wa karibu wa sato, anayepita hapo hutaga, huokota mayai mdomoni na kwenda kuyaatamia. Vifaranga watakaotoka ni chotara. Na chotara wa jamii hii ya samaki si kama nyumbu. Wanazaa, na watoto wao wanazaa. Basi madume 2,000 waliotoroka usiku mmoja ni wachumba 2,000, na ukweni kwao ni mtoni.

Perege wa mtoni ni nani? Wataalamu humwita Oreochromis urolepis, na yule wa bonde la Wami wanamtambua kama tawi lake la pekee, hornorum. Mtazame mkia: hauna mistari. Dume akifika msimu wa kuzaa huwa mweusi, na kingo za mapezi zinaingia wekundu. Sato yeye ana mistari ya wima mkiani, imejipanga kama michirizi ya kitenge, kutoka shina la mkia hadi ncha. Chotara mara nyingi huwa katikati: mistari ipo lakini imefifia, au imekatika, au inaishia nusu. Nasema mara nyingi, kwa sababu chotara wa kizazi cha tatu au cha nne anaweza kufanana kabisa na perege halisi, na hapo jicho halisaidii tena, hadi kipande cha pezi kipimwe vinasaba maabara.

Wafugaji wengi humwona perege wa mtoni kama samaki wa kitoweo cha watoto, mdogo, asiye na thamani. Historia yake inasema vingine. Miaka ya 1950 huko Malacca, katika Malaysia ya leo, mtaalamu C. F. Hickling alichukua perege waliotoka Zanzibar, ambao asili ya ukoo wao ni Wami, akapandisha madume wao kwa majike wa perege wa Msumbiji. Alipotangaza matokeo mwaka 1960, dunia ya ufugaji wa samaki ilishangaa, kwa kuwa watoto wote walikuwa madume, bila tone la homoni. Ukoo huohuo ukaingia baadaye katika kuzalisha perege wekundu wa Florida, Marekani, wanaostahimili maji ya chumvi. Huyo ndiye samaki ambaye sisi tunamzamisha kwa mafuriko ya sato.

Na sato "bora" mwenyewe ametoka wapi? Mbegu iliyoboreshwa inayojulikana kwa jina la GIFT ilianza Ufilipino mwaka 1988. Waboreshaji hawakuanzia mabwawani peke yake. Walikwenda Misri, Ghana, Senegali na Kenya kuchukua sato wa porini, na wale wa Kenya walitoka Ziwa Turkana. Walifanya hivyo kwa sababu samaki waliofugwa miaka mingi wakati huo walikuwa wamechoka: wamezaana ndugu kwa ndugu hadi ukuaji umeshuka. Maji ya porini ndiyo ghala la mbegu la mfugaji. Siku ugonjwa mpya utakapoingia mabwawani, au joto likipanda kuliko tulivyozoea, tutarudi kulekule kutafuta samaki mwenye kuhimili, na tutakachokikuta kinategemea tunachofanya sasa.

Kenya wana mfano wa karibu. Kwenye chemchemi za maji moto za Loboi, jirani na Ziwa Bogoria, kuna sato wanaoishi kwenye maji yenye joto la nyuzi 36 hivi, hali ambayo sato wengi wangetaabika nayo. Watafiti walipowapima vinasaba wakakuta tayari wamechanganyika na perege wa aina nyingine, Oreochromis leucostictus, ambaye wanadhani aliingia kutokana na ufugaji wa samaki eneo hilo. 

Wa Kanda ya Ziwa hawahitaji mfano wa mbali. Mzee yeyote wa Ukerewe au Musoma atakusimulia habari za ngege na mbiru, perege wa asili wa ziwa hilo. Michael Graham alipofanya utafiti wa uvuvi Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, ngege ndiye aliyekuwa mfalme wa soko. Uvuvi wa kupita kiasi ukampunguza, kisha miaka ya 1950 wakapandikizwa sato na perege wengine wageni, na sangara naye. Habari ya sangara kuwala furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, kila mtu anaijua, siirudii. Ngege leo amebaki hasa kwenye viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli katika kinamasi cha Yala huko Kenya, ambako mafunjo yamemkinga. Pia yuko bwawa la Nyumba ya Mungu, bonde la Pangani, alikopelekwa kwa mikono ya watu, na huko yeye ndiye mgeni, anayebanana na perege wa Pangani ambao hawapatikani bonde lingine lolote. Samaki yuleyule ni wa kulindwa huku na wa kuzuiwa kule. Kwa hiyo usiulize kama samaki ni "wa Tanzania". Uliza ni wa bonde gani la mto.

Sasa tuingie shambani.

Kama bwawa lako liko mahali ambapo mto hufika hata mara moja kwa miaka kumi, usiweke sato. Fuga perege wa bonde hilohilo, au kambale. Sitakudanganya: sato wa mbegu nzuri humpita perege wa Wami kwa kukua, na utaona tofauti siku ya mizani. Lakini aliye bondeni hupoteza mavuno yote mwaka wa mafuriko, na hesabu hiyo wengi hawaiweki daftarini. Waliokuwa Rufiji Aprili 2024 wanajua ninachosema. Aliye juu kwenye mwinuko, mwenye maji anayoyafunga na kuyafungua mwenyewe, huyo afuge sato, mradi azibe njia za kutorokea.

Njia za kutorokea ni ndogo kuliko unavyodhani. Kifaranga anayetoka mdomoni mwa mama yake ana urefu wa sentimita moja hivi, na wavu wa dirishani humzuia vizuri ukiwa mzima. Weka nyavu mbili kwenye bomba la kutolea maji, ya ndani na ya nje, ili ukisafisha moja nyingine ibaki kazini. Chandarua kikuukuu hakifai, kinaoza na kuchanika kwa mwezi mmoja. Tuta liinuke angalau nusu mita juu ya maji. Maji ya kuvunia yasiende mtoni moja kwa moja: yapitishe kwenye shimo la changarawe, au yamwage bustanini, mchicha utakushukuru. Siku ya kuvuna ndiyo siku vifaranga wengi huponyoka, maana kila mtu anaangalia samaki wakubwa.

Kwa wanaozalisha mbegu, kosa kubwa ni idadi ya wazazi. Nimekuta kituo kinajivunia majike 60, lakini madume ni watatu, "wale wakubwa". Hesabu ya wataalamu ni hii: zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, gawanya kwa jumla yao. Madume 3 na majike 60 inakupa 11 tu. Yaani kwa upande wa vinasaba, samaki wako 63 wana uzito wa 11, na kila kizazi udugu unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 4. Chukua madume 25 na majike 75, unapata 75, na ongezeko hilo la udugu linashuka chini ya asilimia 1. Wasiwe watoto wa mama mmoja. Usichague wazazi kutoka kwenye masalia ya bwawa baada ya kuuza wakubwa, kwa sababu hapo unachagua wanaochelewa kukua. Na usibadilishane wazazi na rafiki yako wa bonde jingine "kuleta damu mpya". Damu mpya itoke kwenye mto uleule, sehemu ambayo haijapandwa sato juu yake.

Malambo ni kidonda kingine. Kila sherehe kiongozi anakabidhiwa ndoo ya vifaranga amwage lamboni, picha zinapigwa. Lambo lina njia ya kumwagia maji ya ziada, na maji hayo yanakwenda mtoni. Kabla ya sherehe, kamati ya kijiji imwite afisa uvuvi wa wilaya, aseme ni samaki gani, wametoka kituo gani, na kama lambo hilo tayari lina perege wa asili. Mara nyingi wapo.

Yule mfugaji wa Mkondoa amehamisha bwawa juu kidogo, na sasa anataka perege wa mtoni. Juzi alitega dema akapata samaki 11, akaniita tuwachambue. Saba mkia ulikuwa safi. Wanne walikuwa na mistari inayoishia katikati. Akawashika wale wanne kwenye ndoo, akaniuliza kama hao nao wanafaa kuwa wazazi. Nikamwambia awale.