Jinsi ya kupata apatimenti ambayo kodi haipandi kiholela

Usianze na bei ya tangazo, anza na wapangaji. Nenda jioni watu wakirudi kutoka kazini, simama pale kwenye lifti, msalimie mtu vizuri muulize aliingia kwa kodi gani na sasa analipa ngapi, ukipata wawili watatu waliokaa miaka kadhaa piga hesabu mwenyewe, maana 5% kila mwaka inaonekana ndogo ila baada ya miaka 3 ni karibu 16%. Ofa ya mwezi wa bure mi naiogopa, mkataba ukiisha wanaweza kupandisha kutoka kodi kamili ya mkataba, si kutoka ile nafuu uliyoipata kwa mwezi wa bure. Kipengele cha ongezeko kisome taratibu jamani, kama hakina kikomo omba kiandikwe kabla hujasaini. Ulizia pia sheria, miji mingine inaweka kikomo, mara nyingi kwa majengo ya zamani.