Acheni kuhesabu matundu ya kamba wachimbaji wakati wa baridi

Hasara ni ileile kila mwaka. Mkulima wa chaza anakagua eneo lake miezi ya baridi, maji yakiwa yamekupwa, anakuta tope limetulia na matundu ya kuhesabika kwa vidole. Anaridhika, analipia mbegu, yaani chaza wachanga, anaimwaga baridi inapoanza kupungua. Joto likishika tope linageuka uji, na kabla msimu haujaisha chaza wamezama na kufia chini. Lawama zinamwendea aliyeuza mbegu, wakati mbegu haikuwa na kosa lolote.

Kamba wachimbaji, wale wa jamii ya uduvi wanaolegeza tope kwa kuchimba, hawakuwa wamehama. Walikuwa wamepunguza kazi. Kasi yao ya kuchimba hufuata joto, na tundu lisilosukumiwa mchanga na maji kutoka ndani hufukiwa haraka na mawimbi. Juu panaonekana shwari, lakini sentimita 60 chini na zaidi wapo walewale.

Anayesumbua mashamba ya chaza ya pwani ya Pasifiki ya Marekani kuliko wote ni Neotrypaea californiensis. Huyu hula mabaki na vijidudu vilivyomo ndani ya tope lenyewe, kwa hiyo kwake kuchimba na kula ni kazi moja. Njia zake hazidumu. Anabomoa, anafungua nyingine, anarundika kichuguu mdomoni mwa tundu. Kamba mwingine, Upogebia pugettensis, anayekaa kwenye fukwe hizohizo, huchuja chakula kwenye maji anayoyapitisha ndani ya tundu, na kuta zake huzipaka ute zikashikamana. Chomeka kidole. Ukuta ulio laini na imara ni wa Upogebia. Ukibomoka na kumwagika ndani, ni Neotrypaea, na huyo ndiye anayezamisha shamba haraka. Mhesabuni Upogebia pia, ila jueni mna shida na yupi.

Sasa kipimo, na hapa naomba msinifupishie kazi. Hesabu ifanyike miezi ya joto, siku za bamvua, maji yanapokupwa kuliko kawaida, yakiwa yameshaondoka kabisa juu ya eneo lote. Siku za maji mafu hamtafika sehemu za chini za shamba, na huko ndiko wengi wenu hamjawahi kuhesabu. Tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50. Pita shamba kwa mshazari ukiiweka kila baada ya hatua ulizopanga kabla ya kuingia, si chini ya mara 20 kwa ekari 1. Ipo tabia ya kuiweka pale tu buti halizami. Usipopima pale buti linapozama, hujapima shamba.

Jumlisha matundu yote, gawa kwa idadi ya fremu, kisha zidisha kwa 4 upate matundu ya mita mraba 1. Katika ghuba ya Willapa, jimbo la Washington, mpaka uliotumika kwa miaka mingi ni matundu 10 kwa mita mraba, yaani wastani wa 2.5 kwa fremu hiyo. Ukipita hapo, usimwage mbegu chini. Na msigawe kwa 2 kwa hoja kwamba kamba mmoja ana midomo miwili! Ni kweli mara nyingi anayo zaidi ya mmoja, lakini mpaka wa 10 ni wa matundu, si wa kamba.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Mabuu ya Neotrypaea hutolewa ghubani na maji yanayokupwa, hukaa baharini wiki 6 hadi 8, kisha wadogo hurudi kutulia kwenye tope kuanzia mwisho wa miezi ya joto. Matundu yao hayaonekani kwa macho. Kwa hiyo baada ya joto kwisha rudi tena, chota tope la juu sehemu kadhaa, lichekeche kwa wavu wa milimita 1. Wakijaa kwenye wavu, ahirisha, hata kama hesabu yako ya joto ilikuwa 4.

Kuna wanaotandika plastiki siku mbili tatu ili kuwakosesha hewa. Neotrypaea anaweza kuishi karibu siku 6 bila oksijeni kabisa. Unaoua ni viumbe wengine. Sumu nayo ilishajaribiwa: huko Washington karbaril, dawa ya kuua wadudu, ilipulizwa kwenye vitanda vya chaza tangu 1963 hadi 2013, ikaua hata kaa wachanga, na mwaka 2018 Idara ya Ekolojia ya jimbo hilo ilikataa kibali cha imidakloprid, dawa nyingine ya kuua wadudu. Kamba hawa hawakuumbwa kuwakomoa wakulima. Uchimbaji wao hupeleka oksijeni ndani ya tope, samaki aina ya stajoni huwala, na nyangumi wa kijivu huingia Puget Sound, mkono wa bahari wa jimbo hilohilo, kila mwaka kuwafukua.

Palipozidi 10, inua chaza: mifuko juu ya meza, au nyuzi za nailoni zilizofungwa kwenye nguzo. Kumwaga magamba matupu ili kukaza tope ni gharama bure penye kamba wengi, maana nayo huzama.

Kama bado una mashaka, tandaza magamba 30 mahali pamoja miezi ya joto, weka alama, rudi baada ya bamvua mbili, kama siku 29. Ukiyakuta 27 au zaidi juu, eneo linafaa. Nguzo zishindiliwe hadi zigote tope gumu, na zikaguliwe upya joto linapoanza, kwa sababu nguzo iliyosimama wima kwenye baridi nayo hulegea.