Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusajili Hati ya Nyumba katika Kaunti Nchini Marekani

Kwa kawaida nchini Marekani, hati ya kuhamisha umiliki huwafunga mtoaji na mpokeaji tangu inapotiwa saini na kukabidhiwa. Usajili katika kaunti ndio unaomlinda mpokeaji dhidi ya watu wengine, kwa mfano mtu aliyeuziwa nyumba ileile baadaye, na ndiyo maana hati iliyokwisha kusainiwa haifai kulazwa kabatini.

Hati husajiliwa mahali mali ilipo, si anapoishi mwenye mali. Kaunti nyingi zina ofisi ya msajili wa hati au karani wa kaunti, ila Connecticut, Rhode Island na Vermont kazi hiyo hufanywa na miji.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni maandishi ya hati yenyewe, kwa kuwa karani hukagua kama karatasi imetimiza masharti ya kupokelewa, wala hachunguzi kama anayehamisha mali ndiye mwenye mali. Jina la mtoaji liandikwe kama lilivyo katika hati iliyompa umiliki. Aliyenunua kwa jina la ukoo wake na sasa anatumia la mume ataje yote mawili, kwani kumbukumbu hutafutwa kwa majina. Anwani ya mtaa haitoshi kuitambulisha mali. Yanatakiwa maelezo ya kisheria, yaani namba ya kiwanja na kitalu katika ramani iliyosajiliwa, au vipimo vya mipaka, na ni salama kuyanakili neno kwa neno kutoka hati iliyotangulia, maana tarakimu moja ikikosewa, hati itakuwa inataja kiwanja cha jirani.

Mtoaji athibitishe saini yake mbele ya mthibitishaji wa umma akiwa na kitambulisho, na ni busara asisaini mapema nyumbani. Florida hudai pia mashahidi wawili. Muhuri uliofifia ni sababu tosha ya hati kurudishwa, kwa kuwa nakala yake haitasomeka. California hutaka inchi 2.5 za juu za ukurasa wa kwanza ziachiwe msajili, isipokuwa upande wa kushoto panapoandikwa jina na anwani ya atakayerudishiwa hati.

Ada na kodi hutofautiana mno, hivyo uliza ofisi husika kabla ya kuandika hundi. Kodi ya uhamisho ya kaunti huko California ni dola 1.10 kwa kila dola 1,000 za thamani, nayo miji mingine huongeza ya kwao. Anayedai msamaha, tuseme kwa sababu mali ni zawadi, ataje sababu hiyo kwenye hati. Jimbo hilo hutaka pia fomu ya awali ya mabadiliko ya umiliki.

Nyumba yenye rehani ina tahadhari yake. Kuhamisha hati hakufuti deni, na mkopeshaji huweza kudai mkopo wote ulipwe mara moja, ingawa sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 huwakinga baadhi, kama mwenzi au mtoto anayehamishiwa nyumba ya makazi. Ongea na mkopeshaji kwanza.

Ikishapokelewa, hati hupigwa muhuri wa tarehe, saa na namba ya usajili. Weka nakala kabla ya kuituma, kisha ya asili ikirudi, hakiki kwamba kurasa zote zimo. Kosa likigundulika baadaye hurekebishwa kwa hati nyingine ya masahihisho, yenye ada yake.