Kusaka kadi: mchezo wa mafumbo ya kuzidisha na kugawanya

Mchezo huu unafaa darasa la tatu na la nne. Kwa wanafunzi 48 andaa kadi 12, na ugawe makundi 12 ya watoto wanne wanne. Karatasi mbili za manila zinatosha. Kila moja ikate vipande 8.

Juu ya kadi andika namba kubwa, chini yake fumbo. Jibu la fumbo ndilo namba ya kadi inayofuata:

35: Trei moja ina mayai 30. Muuza duka amenunua trei 4. Ana mayai mangapi?

120: Machungwa 120 yamepangwa sokoni, kila fungu machungwa 5. Mafungu ni mangapi?

24: Wanafunzi 50 wanavuka mto kwa mtumbwi unaobeba wanafunzi 8 kwa safari moja. Zitahitajika safari ngapi?

7: Shamba lina mistari 7, kila mstari migomba 5. Migomba ni mingapi?

Jibu la mwisho ni 35, kwa hiyo mzunguko umefunga. Ukiongeza kadi hadi 12, badilisha fumbo la kadi ya 7, la sivyo watoto watazunguka kadi nne na kudhani wamemaliza. Namba isijirudie kwenye kadi mbili. Panga majibu 12 kwanza, kisha tunga mafumbo; ukianza na mafumbo utahangaika kufunga mzunguko.

Tazama kadi ya 120. Watoto wengi wakiona "kila" huzidisha tu, wakapata 600. Kadi ya 600 haipo, basi watarudi kusoma upya pasipo mwalimu kusema neno. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mchezo huu, kwa hiyo tumia "kila" kwenye mafumbo ya kugawanya pia.

Mtumbwi nao una mtego: 50 ÷ 8 ni 6 baki 2, na wengi hujibu 6. Bandika kadi ya 13 yenye namba 6 na maneno: "Watoto wawili wamebaki ng'ambo. Rudini mkawachukue."

Changanya kadi, uzibandike kwa kimo cha macho ya watoto, zikiachana hatua tatu au zaidi. Nje, bana pembe zote nne kwa seloteipu. Upepo hung'oa upesi. Kila kundi lianzie kadi yake, wasisongamane na kunakiliana.

Mmoja asome kwa sauti, wa pili achore, wa tatu akokotoe, wa nne aandike. Wabadilishane kila kadi, maana bila hivyo mtoto mmoja hodari atafanya yote. Waandike sentensi nzima, 120 ÷ 5 = 24. Wakiandika jibu tupu, hutajua nani amebahatisha kwa kutazama namba za ukutani.

Kwa kipindi cha dakika 40, toa maelekezo dakika 5, wasake dakika 24, zilizobaki mjadili. Kusahihisha ni rahisi: orodha zote zina mfuatano uleule, zimeanzia tu mahali tofauti. Mfuatano ukikatika, fumbo lililotangulia ndilo la kurudia ubaoni.